Kurudi mlingotini baada ya kukaa mbali: mwongozo wa wiki 12 za mwanzo

Niliporudi kwenye darasa la mazoezi ya mlingoti, ule wa chuma wa kukwea na kudansia, baada ya miezi 11, siku ya tatu tu nilijipindua kichwa chini. Hakuna aliyenisukuma. Mikono ilijua pa kushika, nyonga zikapanda, goti likaubana mlingoti, nami nikaning'inia kana kwamba sikuwahi kuondoka. Wenzangu walipiga makofi. Wiki mbili baadaye sikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji kwa mkono wa kulia. Upande wa ndani wa kiwiko uliniuma miezi minne, na miezi yote minne nilikaa tena nje ya darasa.

Kilichoniponza ni kumbukumbu. Kichwa kilikuwa kimehifadhi njia nzima ya kupinduka, ila kano zinazobeba uzito njiani humo hazikuwa tayari, na siku ile hazikunipa dalili yoyote. Mwongozo huu ni wa anayerudi kwenye mlingoti, au kwenye vitambaa au pete ya angani vinavyoning'inizwa darini, baada ya miezi mitatu au zaidi, iwe aliondoka kwa ujauzito, jeraha, msiba, kuhama mji au ukata. Aliyekosa wiki tatu hahitaji yote haya. Wiki mbili za kwenda taratibu zitamtosha.

Kila kiungo na muda wake

Ubongo hurudi kwanza. Aliyejifunza kuogelea utotoni, mrudishe majini akiwa na miaka 40, ataelea. Mlingoti nao ni hivyo hivyo: darasa moja au mawili, na njia zote zinakujia.

Misuli hufuata. Nguvu hubaki karibu ilivyokuwa kwa wiki mbili tatu, kisha hupungua polepole, na ukianza tena hurudi upesi kuliko ulivyoijenga mara ya kwanza. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, walionyesha kwa panya kwamba viini vinavyoongezeka ndani ya nyuzi za msuli wakati wa mazoezi hubaki hata msuli unapokonda. Kwa binadamu wataalamu bado wanajadiliana, lakini ukilinganisha anayerudi na anayeanza kabisa, tofauti utaiona ndani ya mwezi.

Ngozi huchukua wiki kadhaa. Ulipoacha, ngozi ya ndani ya paja, ya nyuma ya goti na ya juu ya wayo ilirudia ulaini wake. Kukaa juu ya mlingoti kwa kubana mapaja, jambo ulilozoea hadi ukalisahau, kutakutoa machozi siku ya kwanza. Maumivu hayo hayana madhara ukiyapa nafasi: mikao mifupi, mara nyingi, kila wiki mara mbili.

Kano ndizo za mwisho. Hupata damu kidogo, hujenga nyuzi zake polepole, na mzigo mpya huchukua miezi kuuzoea. Mtego uko hapo. Kwenye wiki ya tatu hadi ya sita unajisikia mzima kabisa: misuli imeamka, ngozi haipigi kelele, mbinu zote unazikumbuka. Hizo ndizo wiki za kuogopa, maana kila kitu kimefika isipokuwa kano. Mkwezi aliyeugua msimu mzima, akipona haanzi na mnazi mrefu wa mwisho wa shamba, ingawa alama za kukanyagia anazijua zote. Kwa sababu hiyo ratiba yote iliyo hapa chini inafuata mwendo wa kano, hata pale itakapokuudhi.

Wiki mbili nyumbani kabla ya kulipia

Jipime kwanza. Unahitaji ukuta, sakafu, taulo na bomba la kuning'inia. La kwenye uwanja wa michezo linatosha, mradi limechimbiwa imara.

1. Egemea ukuta, mbavu na kiuno viguse, kisha inua mikono hadi masikioni. Kama mbavu zinajitokeza mbele ili mikono ifike, mabega yamekaza. Yalainishe kwanza, la sivyo kila ukishika juu yatajibana.
2. Ning'inia kwa mikono miwili sekunde 20, mabega yakivutwa chini mbali na masikio. Kuning'inia kwa kulegea hakuhesabiwi.
3. Lala kifudifudi, jiinue kwa mikono ya mbele na vidole vya miguu, kaa sekunde 40 bila kiuno kubonyea.
4. Lowesha taulo, likamue kwa nguvu zako zote. Upande wa ndani wa kiwiko ukiuma, ruka mpaka sehemu ya kiwiko kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishindwa moja kati ya haya haimaanishi usirudi. Maana yake wiki mbili za nyumbani ziwe nne.

Mazoezi yenyewe ni machache, siku moja ndiyo, moja hapana. Ning'inia mara tano kwa sekunde 10. Ukiwa umening'inia, vuta mabega chini kisha uyaachie bila kukunja viwiko, mara nane, raundi tatu. Zoezi hili dogo ndilo lililoniokoa kuliko yote. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, ambayo ni kilo moja na nusu, pumzisha mkono juu ya paja, kiganja kikitazama juu, kunja kifundo cha mkono na ukishushe taratibu kwa hesabu ya nne, mara 15. Geuza kiganja kitazame chini, rudia. Malizia chali: miguu na mabega juu kidogo, kiuno kimegandamizwa sakafuni, sekunde 20, mara tatu.

Kama nyumbani una mlingoti wa kubana, ule unaokazwa kati ya sakafu na dari, usiuamini kwa sababu tu bado umesimama. Ulegeze, uusimamishe upya kwa pima maji, uukaze, na uangalie ulichobanwa nacho juu. Nyumba zetu nyingi siku hizi zina dari la jipsamu, na bodi ya jipsamu haibebi kitu. Mlingoti wa kubana unataka zege au boriti unayoijua ilipo. Ukikosa vyote viwili, fanyia darasani.

Mafuta, shanga na kucha

Sisi ni watu wa kupaka mafuta. Kutoka nyumbani miguu imepauka ni aibu tuliyofundishwa tangu utotoni, na ukikaa nje ya darasa mwaka mzima tabia hiyo inarudi bila kuijua. Siku ya darasa usipake chochote, si mafuta ya nazi, si losheni, si mafuta ya mgando, kuanzia jana yake usiku. Mikono pia. Ukisahau, osha kwa sabuni na ujifute kwa spiriti, na usione haya kumwambia mwalimu, kwani mafuta yako yatamtelezesha atakayeshika mlingoti baada yako. Ukitoka darasani, oga na upake kwa moyo wote. Ngozi iliyokauka kupita kiasi nayo haishiki.

(Kule India, katika mallakhamb, mchezo wa viungo juu ya nguzo ya mti, nguzo yenyewe hupakwa mafuta ya nyonyo ili msuguano upungue na ngozi isichubuke. Nguzo ile ni nene na ya mbao, mbinu zake ni tofauti. Usijaribu kwenye chuma.)

Vua pete, bangili, mikufu na shanga za kiunoni. Shanga zikibanwa kati ya nyonga na chuma huchoma kama msumari, na uzi ukikatika sakafu nzima imekuwa hatari. Misuko mirefu ifunge kichwani. Kwenye vitambaa, rasta moja iliyoingia ndani ya kifungo itakuzuia kushuka. Kucha ndefu za kubandika zinazuia vidole kufunga sawasawa, hivyo uzito unahamia kwenye kifundo cha mkono.

Hali ya hewa nayo ina neno. Dar es Salaam na Mombasa, jasho la viganja ndilo adui: chaki ya magnesiamu au chaki ya maji, taulo lako mwenyewe, na mlingoti wa shaba nyeupe ukipatikana, kwa kuwa hushika vizuri kuliko wa kromu kwa mtu anayetoka jasho. Nairobi mwezi wa Julai ni kinyume. Chuma ni baridi, ngozi ni kavu, na hakuna kinachoshika mpaka mwili upate moto. Hapo refusha kupasha mwili hadi dakika 20 na uupashe mlingoti kwa kuusugua kwa taulo kavu.

Siku ya kwanza

Jiandikishe ngazi moja au mbili chini ya ulipoishia. Najua inavyouma kuingia darasa la wanaoanza ilhali zamani ulikuwa ukiwaonyesha wengine. Lakini pale ndipo mikao ya msingi hurudiwa mara nyingi kwa mzigo mdogo, na hicho ndicho kano zinachotaka. Lipia darasa moja moja kwa mwezi wa kwanza. Kifurushi chenye tarehe ya mwisho kitakulazimisha kwenda siku ambayo mwili umekataa.

Fika mapema, umwambie mwalimu mambo matatu: umekaa nje muda gani, kwa nini, na nini kinauma. Kwa mfano: "Shikamoo mwalimu, nimekaa nje miezi minane, nilijifungua kwa upasuaji, na bega la kushoto linauma nikililalia." Sentensi moja hiyo itabadilisha kila anachokupa. Mwalimu akiipuuza na kukutaka ujipindue leo, kataa kwa adabu. Akisisitiza, tafuta mwalimu mwingine.

Darasa lenyewe: kutembea kuzunguka mlingoti, mizunguko rahisi ya mikono miwili huku magoti yakibana, kukwea mara mbili hadi kimo cha kichwa chako, kukaa kwa kubana mapaja kwa pumzi tatu. Kila upande, kulia na kushoto. Basi. Ondoka ukiwa bado na hamu. Kama mlingoti unazunguka wenyewe, anza na mzunguko mmoja polepole, macho yatazame mkono wako wa juu, kwa sababu masikio ya ndani nayo yamesahau kizunguzungu. Kichefuchefu kikija, shuka, simama, tazama kitu kimoja kisichosogea. Usijikaze; huzoeleka kwa dozi ndogo ndani ya madarasa machache.

Godoro la kuangukia liwe chini yako kila unapopanda juu ya kimo chako, nene, walau sentimita 10. Godoro la kulalia si mbadala. Hubonyea na kupinda kifundo cha mguu. Jules Léotard, Mfaransa aliyeanzisha bembea ya kuruka angani mwaka 1859, alijifunzia juu ya bwawa la kuogelea la baba yake mjini Toulouse. Aliyebuni mchezo wenyewe alitaka kitu laini chini yake.

Wiki kwa wiki

Wiki ya 1 na 2: madarasa mawili kwa wiki, siku mbili za kupumzika katikati. Miguu yote iko chini au unakaa juu kwa kubana. Hakuna kichwa chini.

Wiki ya 3 hadi ya 6: hizi ndizo nilizokuonya. Baki kwenye madarasa mawili hata kama unatamani manne. Kukwea kunaongezeka, mizunguko inaanza kuunganishwa, na kujipindua kunafanyiwa sakafuni: lala chali kichwa kikielekea mlingoti, ushike, inua nyonga, fungua miguu, shuka kwa hesabu ya tano. Ukimaliza siku bila uchovu mkubwa, uko sawasawa. Ongeza kitu kimoja tu kwa wiki: urefu, au muda, au mbinu mpya. Vyote vitatu kwa pamoja ndiyo njia ya kwenda kwa daktari.

Wiki ya 7 hadi ya 9: kichwa chini, kwa masharti. Uweze kuinua nyonga bila kuruka, mara tatu kila upande, kukaa sekunde tano miguu ikiwa imefunguka, na kushuka polepole ukiongoza wewe. Anayeruka ili apinduke anavuta kano kwa ghafla katika pembe mbaya kuliko zote. Kama huwezi kushuka polepole, basi bado hujaweza kupanda. Rudi sakafuni wiki nyingine. Baada ya hapo ndipo kuning'inia kwa goti, kwanza la nje, yaani la mguu ulio mbali na mlingoti, mwalimu akiwa amesimama karibu.

Wiki ya 10 hadi ya 12: mikao ya kubebwa na mikono pekee kichwa kikiwa chini, kama ule uitwao Ayesha, na mbinu za kurusha mwili. Mshiko wa kusokota, ule ambao kiganja cha juu kimegeuzwa kidole gumba kikitazama chini, uache mwisho kabisa. Mimi nimeuacha moja kwa moja. Unalisokota bega kwa ndani huku uzito wote ukilining'inia, na bado sijaona picha nzuri kiasi cha kulipia bega.

Mnyumbuko ufanye mwisho wa darasa mwili ukiwa moto, sekunde 30 kila mkao. Ukisikia maumivu makali pale kwenye mfupa wa kukalia unapopiga msamba, acha. Ile ni kano ya nyuma ya paja ikivutwa kwenye mzizi wake, na huchukua miezi kupona.

Kiwiko, na namna ya kusikiliza maumivu

Tumia kipimo cha 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, maumivu ya kano yasizidi 3. Kesho yake asubuhi, kabla hujagusa kitu, jiulize: yameongezeka kuliko jana? Kama hapana, mzigo ulikuwa sawa. Kama ndiyo, darasa lijalo punguza nusu. Jibu la asubuhi lina ukweli kuliko hisia za darasani, kwa kuwa kano hulalamika kwa kuchelewa, na ukiwa moto huisikii kabisa. Mimi ningeuliza swali hilo asubuhi ya siku ya nne, nisingepoteza miezi minne.

Kiwiko cha ndani huumia kwa sababu misuli yote inayofunga vidole na kukunja kifundo cha mkono imejishikiza pale pamoja, kwenye kifundo kidogo cha mfupa. Ukishika kwa vidole tu kwa kuogopa kuteleza, kifundo hicho kinabeba mwili mzima. Tiba ya mwanzo ni kubadilisha mshiko: vuta kombe la bega chini kabla ya kila kuning'inia, tumia kwapa na paja kila inapowezekana, na paka chaki ili usibane kupita haja.

Pumzika, lakini si moja kwa moja, kano isiyobeba kitu hudhoofika zaidi. Shika ile chupa ya lita 1.5, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, kaa hivyo bila kusogea sekunde 30 hadi 45, mara tano, kila siku. Kwa watu wengi maumivu hutulia kidogo. Baada ya wiki moja au mbili rudi kwenye kukunja na kushusha polepole. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kama hakuna nafuu ndani ya wiki tatu. Ganzi ya vidole, bega lisiloinuka, uvimbe au mlio wa kukatika ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Madoa ya vilio vya damu mapajani ni ya kawaida. Usibanie juu ya doa lililo bichi, badilisha upande.

Kwa wa vitambaa na pete

Mengi ni yale yale, ila hatari kubwa imehamia penye mafundo. Kichwa kinakumbuka umbo la mwisho na kusahau mzunguko mmoja wa katikati, na mzunguko huo ndio uliokuwa unakushikilia. Kila kifungo ukirudie kwanza nusu mita kutoka chini, ukitaja kwa sauti kila hatua, mwalimu akitazama. Maporomoko yawe ya mwisho katika wiki 12: unapokamatwa na kitambaa baada ya kuporomoka, mwili na vyuma vya darini hupokea mara kadhaa ya uzito wako. Muulize mwenye studio kamba, kulabu na kizungushio vilikaguliwa lini. Ni haki yako.

Vaa suruali ndefu ya kubana na nguo ifunikayo kwapa na kiuno, maana kitambaa huunguza ngozi laini. Anayependa kujisitiri, au aliyebadilisha mavazi yake katika muda aliokuwa nje, atapata nafasi hapa bila kupoteza chochote. Mlingoti wa Kichina wa wanasarakasi nao umevikwa mpira, na hupandwa ukiwa umevaa nguo kamili.

Baada ya kujifungua

Mwaka 2019 wataalamu wa fiziotherapia Uingereza walitoa mwongozo wa kurudi kwenye kukimbia baada ya kuzaa, na wakaweka wiki 12 kuwa mapema kabisa. Kujipindua nako huongeza shinikizo tumboni na kwenye sakafu ya nyonga, kwa hiyo mimi hukichukulia kipimo hicho kama mwanzo wa maandalizi ya nyumbani. Ratiba ya wiki 12 iliyo hapo juu huja baada yake.

Dalili za kusimama mara moja: mkojo kuponyoka, uzito kama kitu kinataka kutoka ukeni, tumbo kufanya tuta katikati unapoinua miguu, maumivu kwenye kovu la upasuaji. Usiyafiche kwa sababu ya haya. Mama zetu waliambiwa ndivyo uzazi ulivyo na wakakaa kimya miaka. Siku hizi yana matibabu. Nyonyesha kabla ya darasa, vaa sidiria yenye kushika, na lala kifudifudi kwenye mlingoti pale tu matiti yanaporuhusu.

Moyo na daftari

Ulioanza nao watakuwa mbele. Video zako za zamani zipo kwenye simu, na utazitazama usiku baada ya darasa lililokwenda vibaya. Zihamishe kwenye folda nyingine mpaka wiki ya 12. Badala yake weka daftari: tarehe, ulichofanya, upande gani, maumivu ya darasani, maumivu ya asubuhi. Mistari mitano. Ukifika wiki ya sita na kutamani kuruka hatua, fungua ukurasa wa wiki ya kwanza usome ulishindwa nini.

Na kama unajua utaondoka tena, kwa safari, kwa mwezi wa mfungo au kwa mitihani, usikate kabisa. Kipindi kimoja kwa wiki, hata cha dakika 20, kinatosha kuhifadhi sehemu kubwa ya nguvu na kuziweka kano kazini: kuning'inia mara tano, kuvuta mabega raundi tatu, ile chupa ya maji. Mimi mwezi wa Ramadhani hufanya usiku, saa moja na nusu baada ya futari, kwenye bomba la uwanja wa jirani, na Shawwal ikiingia naanzia wiki ya tatu.